Ndama wa Namba Tisa

Siku nne kabla ya Jumapili ile, Esnah alipita kambi nzima ya wachumaji chai mlango kwa mlango, nyumba hamsini na mbili. Kila mlango alisema maneno yaleyale, kwa sauti ya mtu aliyekuja kuomba chumvi: "Osoro anarekodi Jumapili. Tafadhali, mtu asipige kelele."

Hakuna aliyemtuma. Osoro alikuwa kaka yake, wa kuzaliwa tumbo moja, na mtu akiwa na kaka mmoja tu anamfanyia lile analoweza. Esnah hakujua kupiga gita wala kubeba spika. Hata kusalimia watu kulimpa taabu. Ukimwamkia njiani alijibu akiangalia vidole vya miguu yake. Kwa hiyo kupita nyumba hamsini na mbili na kufungua mdomo hamsini na mbili ilikuwa zawadi kubwa.

Watu walimwelewa mara moja. Kwa kambi ile, kurekodi ni kunyamaza. Walijifunza hivyo mwaka kwaya ya kanisa iliporekodi nyimbo zake ukumbini. Kuku walifungiwa. Wenye watoto wachanga walipelekwa mtoni wakae huko. Mzee mmoja alikohoa katikati ya ubeti wa tatu, wimbo ukarudiwa mara nne, na mpaka leo mzee huyo anaitwa Kifua.

"Usijali, nyathina, mwanangu," Mama Syprose alimwambia Esnah mlangoni, akimshika mkono. Mama Syprose alikuwa jirani yao, mjane aliyetoka upande wa ziwa akiwa msichana na kuzeekea kwenye chai. "Huyo kijana tumemuona akikua. Hata nikiumwa na siafu nitanyamaza."

Bendi ya Osoro iliitwa Majani Mawili. Mchumaji wa chai siku yake ya kwanza hufundishwa kuchuma majani mawili na chipukizi, na bendi nayo ilikuwa na watu watatu. Osoro aliimba na kupiga gita. Okello, ambaye ni mrefu mpaka gita la besi kifuani mwake linaonekana kama mwiko, alikuwa jani la pili. Chipukizi alikuwa Chepchumba, binti wa mkulima wa Roret, mfupi, mwenye mikono iliyopiga dramu kama inamfukuza mwizi.

Walipiga roki. Watu wa huku wana benga, wana nyimbo za injili, wana nyimbo za Kikipsigis ambazo gita lake hulia kama linabembeleza ng'ombe akamuliwe. Roki hakuna aliyeiomba. Osoro aliisikia kwenye simu ya mwenzake katika karakana ya kiwanda, akiwa na spana mkononi, na tangu siku hiyo hakupona. Miaka tisa alitunga nyimbo jioni baada ya kazi, kwa Kiswahili, juu ya mambo ya hapahapa: mvua ya mawe, gambuti lililotoboka, mashine ya kuchuma iliyochukua kazi za watu. Alipiga kwenye harusi mbili tu. Harusi ya pili walimwomba apunguze, kisha wakamwomba aache.

Sasa alikuwa amempata Sagini, fundi wa kurekodi kutoka Nakuru, ambaye alikubali kuja na vyombo vyake siku moja, Jumapili moja tu. Wangefanya tamasha ukumbini baada ya ibada, warekodi kila kitu papo hapo, iwe albamu.

Jumamosi asubuhi Osoro alikuwa anapiga pasi shati. Alimwambia Esnah bila kuinua kichwa, "Kesho nitajua. Nikiona watu wa kambi yangu hawaisikii hii kitu ndani ya mwili, gita nampa binamu yake Okello kule Sotik. Mimi nabaki fundi wa mashine. Fundi ni kazi nzuri tu."

Esnah alimjua kaka yake. Akitania hupandisha nyusi. Alimtazama nyusi, hazikupanda.

*

Jumapili watu walijaa mpaka madirishani. Walikuja na nguo za kanisani. Mstari wa mbele kabisa alikaa mzee Ooko, nyapara wa wachumaji wa shamba namba tisa, amevaa tai, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekuja kupigwa picha ya pasipoti.

Esnah alisimama nyuma, karibu na mlango, mahali pake pa siku zote. Karibu naye Sagini alikuwa amepanda kiti, anafunga maikrofoni mbili kwenye boriti, juu ya vichwa vya watu.

"Hizo ni za nini?" Okello alimuuliza. "Si sisi tuko kule mbele?"

"Hizi ni za watu," Sagini alisema. "Omera, ndugu yangu, albamu ya laivu ni watu. Vigelegele, miluzi, mtu akiita jina lako. Bila hiyo ni chai bila majani. Unakunywa maji ya moto."

Esnah alisikia, akazikumbuka nyumba hamsini na mbili.

Alitaka kusema kitu. Lakini Chepchumba alikuwa ameshagonga vijiti vyake mara nne, na Majani Mawili wakaanza.

Walipiga vizuri sana, vizuri kuliko siku yoyote. Na watu walinyamaza vizuri kuliko siku yoyote. Hakuna kiti kilicholia. Mama mmoja alimweka mtoto ziwa mdomoni kabla mtoto hajakumbuka kulia. Wimbo wa kwanza uliisha, sauti ya mwisho ya gita ikafifia, na ukumbi mzima ukakaa kimya kama kaburi lililofagiwa. Osoro alisema, "Asanteni." Watu waliitikia kwa vichwa, polepole, ili shingo zisilie.

Wimbo wa pili, hivyohivyo. Wa tatu, kijana mmoja alijisahau akainua mikono apige makofi. Watu wawili wakamdaka, mmoja kila mkono. Wa nne, Mama Syprose alianza kutikisa bega, akaliona, akalishika kwa mkono mwingine akalituliza.

Esnah aliona uso wa kaka yake. Uso huo aliuona mara moja tu zamani, siku walipomshusha mama yao kwenye gari la wagonjwa akiwa ameshakata roho.

Baada ya wimbo wa saba Osoro alitangaza mapumziko. Walitoka kupitia mlango wa nyuma, kwenye uwanja mdogo wa majani, Esnah akiwafuata. Sagini alikuwa na hedifoni shingoni.

"Kaka," alisema, "nimerekodi mazishi mara mbili. Yalikuwa na kelele kuliko hii."

"Si ni hivyo," Osoro akasema. Alikuwa amekaa juu ya kreti, gita limelala mapajani. "Wamekuja kwa heshima. Mtoto wa marehemu mama fulani anaimba, twende tumuonee huruma."

"Tunaweza kuweka watu wengine baadaye. Niko na makofi ya mpira, mechi ya Nakuru. Unayapaka juu, hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

"Basi tumalize nyimbo zilizobaki tukanywe chai," Okello alisema kwa upole, na Osoro akakubali kwa kichwa. Kisha akasema lile ambalo Esnah aliliogopa: "Okello, binamu yako bado anataka gita?"

Esnah alisogea. Alisimama mbele ya kaka yake, akaangalia vidole vya miguu yake.

"Ni mimi," alisema.

"Nini ni wewe?"

"Niliwaambia wasipige kelele. Nilipita nyumba zote. Nilidhani… kwaya walisema hivyo. Nilidhani ndivyo kurekodi."

Chepchumba aligeuka akaangalia ukutani, mabega yake yakawa yanacheza. Lakini Osoro hakucheka. Alimtazama dada yake kwa huruma nyingi, kama unavyomtazama mtoto aliyekuletea nusu ya andazi lake.

"Esnah. Wewe huwezi kumwambia konda wa gari akushushe. Eti umeongea na kambi nzima?"

"Nyumba hamsini na mbili."

"Haya. Asante, mdogo wangu. Najua unanibembeleza."

"Sikubembelezi!"

"Usiniongopee kwa sababu unanipenda," Osoro alisema, akainuka. Alidhani ameelewa, na mtu anayedhani ameelewa huwezi kumwambia kitu.

Sagini, ambaye hakuwa kaka wa mtu yeyote pale, ndiye aliyeamini. Aliingia ukumbini kwa hatua ndefu, akachukua maikrofoni ya Osoro, akasema, "Wazazi, ndugu na dada, kuna makosa kidogo. Kelele zinaruhusiwa. Kelele tunazitaka! Mkifurahi, onyesheni!"

Watu walitazamana. Kisha mzee wa kanisa akasimama mstari wa tatu, akainua mikono, kwa maana mambo ya kushangilia mbele ya mgeni yana utaratibu wake, na kambi ile haikuwa ya watu wasio na adabu.

"Makofi ya kilo!" alisema. "Moja, mbili…"

Pa pa pa! Pa pa pa! Pa!

Watu mia mbili, mikono pamoja, kama mtu mmoja. Kisha kimya.

"Tumpe na ya maua?" mzee aliuliza.

Sagini alirudi nyuma ya meza yake, akakaa, akaweka paji la uso juu ya mashine. Na Osoro, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikia yote, alitabasamu lile tabasamu la kusema unaona. Watu wanaompigia makofi ya kilo mkuu wa wilaya, mgeni wa heshima na mkaguzi wa vyoo, walikuwa wamempigia na yeye.

*

Zilibaki nyimbo mbili. Ilikuwa yapata saa nane, na kila mtu wa Kericho anajua saa tisa mvua inakuja kwenye mabati, na ikija hakuna mtu atakayerekodi kitu.

Esnah alizunguka nje, akaingia kwa mlango wa nyuma, akachuchumaa kando ya dramu. Chepchumba hakumtisha. Walikuwa wamenyonyoa kuku pamoja.

"Piga ule wimbo wa Ndama," Esnah alisema.

"Ndama tuliitoa, wewe. Si Ooko amekaa pale mbele na tai? Osoro atanichinja."

"Wewe anza tu. Yeye atafuata."

Hapa lazima mambo ya namba tisa yaelezwe. Namba tisa ni shamba kubwa la mteremko, na juu yake kuna mstari wa mikaratusi. Mzee Ooko ni nyapara mwema. Hatukani, hamnyang'anyi mtu kikapu. Ila ana usingizi. Ikifika saa nne na nusu, jua likipasha gogo lile la chini ya mikaratusi, Ooko hukaa "kuangalia mbali," na kuangalia mbali huisha kwa kukoroma. Hapo wachumaji hunyoosha migongo, wakapiga soga. Na yeyote atakayemuona wa kwanza akiamka, huita kwa nguvu: "Ndama amefunguka!" Basi mikono yote hurudi kwenye chai.

Ilikuwa hivyo miaka sita. Na Ooko, kila akiamka akasikia ndama amefunguka, alianza kumtafuta. Ng'ombe hawaruhusiwi kwenye chai. Aliteremka mpaka mtoni. Aliuliza wafugaji wa upande wa pili wa ua. Aliandikia ofisi barua.

Sauti iliyoita mara nyingi kuliko zote ilikuwa ya Esnah. Kwenye chai Esnah alikuwa mtu mwingine. Majani yanakufika kiunoni, ukungu unakufunika kilichobaki, hakuna anayekutazama, na sauti yake huko ilitoka ndefu na safi, ikavuka bonde, ikagonga upande wa pili na kurudi. Osoro ndiye aliyetunga wimbo, lakini mwito aliupata kwake. Katika wimbo, mahali pa mwito aliacha pengo tupu, na Chepchumba akagonga hapo kengele ya ng'ombe ya baba yake.

Chepchumba alimtazama Esnah, akapuliza pumzi, akaanza kupiga.

Osoro aligeuka haraka, macho yamemtoka. Okello tayari alikuwa ameingia na besi, akitazama dari kama mtu asiyehusika. Osoro hakuwa na la kufanya ila kuimba.

*Ndama wa nani huyu asiye na mama,*
*haachi kwato, haachi mavi,*
*kila siku anafunguka,*
*kamba yake hakuna aliyeiona.*

Kengele ililia kwenye pengo. Ukumbini kimya, lakini kimya kingine. Wanawake wa namba tisa walikuwa wameng'ata leso. Mama Syprose alikuwa ameinamisha kichwa mpaka magotini. Watu wote walikuwa wanatazama kisogo cha mzee Ooko.

*Nimemtafuta mtoni, nimemtafuta uani,*
*nimemwandikia ofisi barua,*
*kila nikifumbua macho…*

Pengo lilikuwa linakuja. Esnah alikuwa amesimama kando ya dramu, mahali ambapo mtu yeyote angemuona. Alifumba macho. Alijiweka kwenye mteremko, miguu kwenye tope, kikapu mgongoni. Alivuta hewa.

"Ndamaaa! Amefungukaaa!"

Sauti ilipita juu ya dramu, juu ya spika, ikagonga ukuta wa nyuma. Okello alikosa noti. Na mzee Ooko, mstari wa mbele, akaruka kutoka kwenye kiti, akageuka kushoto, akageuka kulia, akiutafuta mteremko.

Kisha akamtazama msichana aliyekuwa kando ya dramu.

"Kumbe ni wewe?" alisema. Halafu, polepole zaidi, kama mtu anayeshuka ngazi gizani: "Kumbe hakuna ndama?"

Mama Syprose ndiye aliyepasuka kwanza. Alicheka cheko la kuanguka, na akiwa anaanguka akaitikia mwito, "Amefunguka!" Kutoka dirishani mwingine akaitikia, kutoka mlangoni mwingine, kama namba tisa asubuhi, sauti zikirushiana juu ya vichwa. Benchi lilianguka. Watoto walilia na hakuna aliyewaziba. Ooko alisimama katikati ya kelele zile, mkono umeshika tai, akapaza sauti kwa hasira ya mtu aliyeanza kushindwa na kicheko chake mwenyewe: "Barua nne! Barua nne nimeandika!"

Osoro alirudia ubeti. Lakini hakuufikisha mbali, kwa sababu watu walikuwa wanauimba. Akanyamaza asikilize. Walikuwa na maneno yote. Walikuwa na ubeti wa tatu, ambao hakuwahi kuupiga mbele ya mtu yeyote. Alihama kutoka kwenye maikrofoni, akamgeukia Mama Syprose aliyekuwa anaimba amefumba macho, akampigia kelele, "Mama! Umejulia wapi hii?"

"Wewe unadhani ukuta wetu ni wa mawe?" Mama Syprose alimjibu kwa kelele. "Miaka tisa unatuimbia kila jioni! Ule wa gambuti ndio nalalia!"

"Wa mvua ya mawe!" mwingine aliita. "Piga wa mvua ya mawe, achana na besi, Okello anaharibu!"

"Naharibu nini, mama? Njoo upige wewe!"

Ndama ilidumu dakika kumi na moja. Kila walipotaka kuimaliza, kuna mtu aliita tena. Hatimaye Chepchumba alipiga pigo la mwisho, akaangusha vijiti, na makofi yakaja ovyo, bila kilo, bila maua, kila mtu na yake.

Osoro alimwendea mzee Ooko. Aliinama kidogo, jasho likimdondoka. "Mzee, nisamehe. Hatukutaja jina. Lakini ukisema tuifute, tutaifuta sasa hivi."

Ooko alinyoosha tai yake. Alimtazama Sagini. "Mimi sauti yangu imeingia humo?"

"Imeingia, mzee. Barua nne zote."

"Basi isitolewe," Ooko alisema. "Ofisi hawakunijibu hata moja. Wacha wazisikie." Kisha akamtazama Esnah, na Esnah kwa mara ya kwanza hakuangalia vidole vyake, hakuwa na nafasi, Mama Syprose alikuwa amemshika mashavu. "Na wewe, Jumatatu nakuweka mstari wa mbele, mahali nakuona. Sauti yote hiyo, kumbe ilikuwa ya mtu anayenisalimia kama panya."

Sagini alikuwa amesimama juu ya kiti tena, anaangalia saa na mawingu dirishani. "Zimebaki dakika ishirini na tano. Mpige zile mbili za mwisho. Za kwanza tutaangalia tutazifanyaje."

Osoro alirudi mbele. Aliweka mkanda wa gita begani vizuri, akauvuta mara mbili kama anayefunga mzigo wa safari ndefu.

"Esnah," alisema, na alisema ndani ya maikrofoni, "ulisema nyumba ngapi?"

"Hamsini na mbili," Esnah alijibu.

"Nyumba hamsini na mbili," Osoro aliwaambia watu, na nyusi zake zikapanda zote mbili. "Mmeninyamazia nyimbo saba. Sasa mnanidai au nawadai, sijui. Sagini, achana na zile mbili. Tunaanza mwanzo."

"Mvua, bwana!"

"Ije."

Chepchumba aliokota vijiti vyake, akagonga mara nne. Okello akaingia, gita likaingia. Osoro alifungua mdomo aimbe mstari wa kwanza, akakuta umeshaimbwa.